Noti za kliniki ya afya ya akili: tunaandikaje kwa ufupi bila kuacha cha muhimu?

TabibuNgamiani

Habari za kazi, wakuu. Swali ni kwa mnaofanya kliniki za afya ya akili, hasa wa huku Tanga mjini, Muheza, Pangani na Korogwe.

Siku ya kliniki wanakuja wagonjwa 40, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Ukigawa, kila mmoja anapata dakika 9: umsikilize yeye na aliyemleta, umpime, uandike dawa, ujaze rejista ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), halafu ndipo noti. Kwa hiyo mafaili yana noti za aina mbili. Kuna za kurasa mbili, kila neno la mgonjwa limo, na hakuna anayezisoma. Na kuna hizi: "Anaendelea vizuri. CST. TCA 1/12" (yaani aendelee na dawa zile zile, arudi baada ya mwezi 1). Anayepokea faili mwezi unaofuata inambidi aanze upya.

Naomba mnisaidie: noti ya mgonjwa wa marudio isikose nini? Na wale wanaoletwa familia ikisema ni majini, hilo linaandikwaje kwenye faili la hospitali?

DktPwani

Tabibu, kabla ya kushika kalamu jiulize atakayeisoma atataka kuamua nini. Kwa mgonjwa wa marudio maamuzi ni machache: dawa ibaki, ipande, ishuke au ibadilishwe, alazwe au arudi nyumbani, aonwe tena lini. Chochote kisichogusa mojawapo ya hayo kinaweza kuachwa. Kinachogusa kisipoandikwa, noti imekosa kazi hata ikiwa ndefu.

Naweka mfano wa kutunga. Nimeuandika kwa Kiswahili ili tuelewane, ingawa mafaili yetu mengi ni ya Kiingereza:

"Mwanaume, 34, skizofrenia tangu 2017. Amekuja na dada yake. Risperidoni mg 2 usiku: alipewa vidonge 30, leo siku ya 28, vimebaki 11 (dozi 9 hazikunywewa). Dada: wiki 2 halali vizuri, anazungumza peke yake usiku. Mgonjwa: 'Wale jirani wameanza tena kunisema.' Msafi, ametulia, maneno yanafuatana. Anasikia sauti za watu wawili wakimjadili, hazimwamrishi kitu. Hana nia ya kujidhuru; ameulizwa moja kwa moja kuhusu jirani, hana nia ya kuwafanyia lolote. Hajakakamaa, hatetemeki. Kg 61. Tathmini: dalili zimerudi baada ya kukosa dozi. Mpango: kipimo hakipandi. Dada atampa dawa mwenyewe baada ya chakula cha usiku. Arudi baada ya wiki 2 na pakiti. Akinywa zote na sauti zikabaki, apandishwe mg 4."

Hiyo ni aya moja, na kwa mkono uliozoea inaandikwa kwa dakika 3. Ndani yake kuna vitu viwili ambavyo mafaili mengi hayana. Cha kwanza ni hesabu ya vidonge vilivyobaki. Ukiandika "anakunywa dawa vizuri" kwa kuambiwa tu, atakayemwona baadaye ataona sauti zipo na atapandisha dozi. Mgonjwa akienda kukaa kwa shangazi anayemsimamia, anaanza kunywa dozi yote ile kubwa ambayo mwili haujaizoea, anakakamaa shingo na taya, familia inakimbia na dawa haitaki tena. Cha pili ni sentensi ya mwisho, ile ya "akinywa zote na sauti zikabaki". Inampa mwenzako njia ya kufuata hata kama wewe siku hiyo uko semina Dodoma.

Kuhusu MSE, yaani uchunguzi wa hali ya akili: mgonjwa mpya mfanyie na uandike vipengele vyote. Wa marudio andika kilichobadilika, pamoja na vichache ambavyo kwa ugonjwa wake lazima viandikwe hata kama havipo. Mwenye saikosisi (aliyepoteza uhalisia): anasikia sauti au la, na kama zipo, zinamwamrisha nini. Mwenye sonona: usingizi, hamu ya kula, matumaini, mawazo ya kufa. Mwenye baipola (hisia zinapanda na kushuka kupita kiasi): analala saa ngapi kwa usiku (namba, sio "vizuri"), kasi ya kuongea, matumizi ya fedha. "MSE ya kawaida" kwa mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa anavua nguo barabarani haimwambii msomaji kama uliuliza au ulidhani.

Halafu kifafa. Kliniki zetu zinabeba kifafa kingi na noti zake ndizo zinazoonewa kuliko zote. Mistari miwili inatosha: amedondoka mara ngapi tangu tarehe ya mwisho, mara ya mwisho lini, akiwa macho au usingizini, kuna kuungua au kuumia, dozi ngapi zilikosekana. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ongeza tarehe ya hedhi ya mwisho na njia ya uzazi wa mpango. Kabamazepini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na valproeti ina madhara makubwa kwa mtoto aliye tumboni. Hilo likikosekana kwenye noti, tatizo linakuja kugundulika kliniki ya wajawazito.

SistaMakorora

Dokta amemaliza upande wake, mimi niseme wa chumba cha sindano na dirisha la dawa, maana noti fupi zikifika kwetu ndipo zinapoleta balaa.

Hiyo "TCA 1/12" aliyoiandika Tabibu ni mfano mzuri. Wewe umemaanisha mwezi mmoja. Kuna karani au ndugu anayeisoma tarehe 1 Desemba. Andika siku na tarehe kamili, na uangalie kalenda kwanza: ukimpangia 14 Oktoba umempangia Nyerere Day, atapanda gari toka Mkinga akute mlango umefungwa.

CPZ na CBZ zimetofautiana herufi moja tu. Ya kwanza klopromazini, ya pili kabamazepini, na zote mbili zimo kwenye kabati letu. Kwa mwandiko wa saa 7 mchana zinafanana kabisa. Andika jina zima. OD nayo mmoja anasoma mara moja kwa siku, mwingine anasoma amezidisha dawa, na kwenye faili la mtu mwenye sonona hiyo si tofauti ndogo. "Haloperidoli 5.0" nukta ikififia inakuwa 50, kwa hiyo andika 5. Ikiwa ni nusu, andika 0.5, usianze na nukta tupu.

Sindano ya mwezi iandikwe hivi: flufenazini mg 25, tako la kushoto, tarehe iliyopangwa, tarehe aliyochomwa kweli, na kama amechelewa, siku ngapi na kwa nini. Upande unaandikwa ili mwezi ujao uhamie mwingine; misuli ikichomwa pale pale kila mwezi inafanya uvimbe mgumu. Na kila kabla ya sindano swali moja lazima liandikwe na jibu lake: unaweza kukaa umetulia? Mgonjwa ambaye miguu haitulii, anasimama, anakaa, anazunguka benchi, mara nyingi anaandikwa "amechangamka, msumbufu", anaongezewa dawa ile ile inayomfanya asitulie. Ukiandika unachokiona, "anatembea papo kwa papo, anasema miguu inawaka, ilianza siku 3 baada ya sindano", daktari atajua apunguze badala ya kuongeza.

Kwa huku kwetu kuna la Ramadhani pia. Wiki 2 kabla ya mwezi kuandama noti iseme mmekubaliana saa ngapi za dawa. Ya mara moja kwa siku ihamie baada ya futari. Ya mara mbili, futari na daku. Wa lithiamu aonwe na daktari kabla hajafunga, maana kukosa maji mwilini kunaweza kupandisha kiwango cha dawa kwenye damu. Msipoandika, mgonjwa anajipangia mwenyewe, mara nyingi anaacha ya mchana kimya kimya, na mwezi wa Mfunguo Mosi mnashangaa kwa nini wodi imejaa.

MshauriRaskazone

Naongezea upande wa vikao vya mazungumzo, kwa sababu mwanasaikolojia na ofisa ustawi wa jamii nao wanaandika kwenye faili hilo hilo.

Mpangilio wa SOAP unatosha: anachosema mgonjwa, unachokiona, tathmini, mpango. Lawrence Weed, daktari wa Marekani aliyeuanzisha miaka ya 1960, alitaka kila noti iwe inajibu tatizo mahususi la mgonjwa. Wengi wetu tunajaza sana kipengele cha kwanza, kile cha maneno ya mgonjwa, tunaishiwa nguvu tukifika kwenye tathmini. Geuza uzito. Maneno ya mgonjwa sentensi mbili au tatu, moja iwe nukuu ya Kiswahili chake kama alivyoitamka. Tathmini na mpango vipate nafasi inayobaki.

Sentensi ya kuifuta kabisa ni "ushauri nasaha umetolewa". Ushauri gani? Andika ulichofanya: "Tumepanga ratiba ya shughuli za asubuhi 3: kuswali Alfajiri msikitini, kufagia uwanja, kwenda sokoni na mama. Amejaribu 1 kati ya 3 wiki iliyopita. Kikwazo ni kuamka. Wiki hii inabaki ya kwenda sokoni tu." Mwingine akishika kikao kijacho anajua aanzie wapi.

Muda: kikao cha dakika 50, funga mazungumzo dakika ya 42 au 43. Mpango useme kwa sauti na mgonjwa, huku unauandika mbele yake. Hapo umeshamaliza robo ya noti, naye amesikia mara ya pili mlichokubaliana. Zilizobaki andika kabla hujaita mwingine. Noti za vikao 6 zikisubiri jioni zinaanza kufanana, na maneno ya mgonjwa wa tatu yanaingia faili la wa tano.

Ukitumia PHQ-9, lile dodoso la kupima sonona, usiandike jumla peke yake. Maswali 9, kila moja 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Mipaka ni 5, 10, 15 na 20. Swali la 9 linauliza kuhusu kufa au kujidhuru, nalo liandikwe mbali: "PHQ-9: 8, swali la 9: 2." Jumla ya 8 ni sonona nyepesi, kwa macho ya haraka utamruhusu aende. Ile 2 ndiyo ya kumrudisha kwenye kiti. Tena, maswali yanahusu wiki 2 zilizopita, kwa hiyo kulipima kila wiki ni kuhesabu siku zile zile mara mbili.

La mwisho ni siri za watu wengine. Mji wetu huu karani wa masjala anaweza kuwa shemeji wa mgonjwa. Jina la mwanamume anayedaiwa kutembea na mke wa mtu halimsaidii daktari. "Mgogoro wa ndoa, anahisi kusalitiwa" inatosha. Hali ya VVU ya mwenza isiandikwe kwenye faili la mgonjwa. Daftari lako la kufikiria, lenye dhana zako na hisia zako juu ya kikao, lisichanganywe na faili, na lisimtaje mgonjwa kwa jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo kupiga picha ukurasa na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la wodi ili kuuliza "huyu tumpe nini" tuache.

TabibuNgamiani

Ahsanteni sana, hasa la 1/12, nimeshalirekebisha. Kuna jambo zito kidogo. Mgonjwa aliyekunywa sumu au vidonge vingi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Wapo wanaoandika "alikunywa kwa bahati mbaya" ili wamlinde. Mnaonaje?

DktPwani

Nia ni ya huruma, lakini noti inakuwa ya uongo na anayeumia ni mgonjwa yule yule. Akitoka wodi ya magonjwa ya ndani na faili linalosema bahati mbaya, hakuna atakayemwita afya ya akili. Miezi 3 baadaye analalamika hana usingizi, anaandikiwa amitriptilini ya miezi 2 kwa mkupuo. Amitriptilini ikizidishwa inavuruga mapigo ya moyo. Vidonge vya miezi 2 ndani ya nyumba ya mtu aliyewahi kujaribu ni hatari ya wazi.

Andika matukio, usiandike hukumu. Alikunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, nani alimkuta, alisema nini kwa maneno yake: "Nilitaka nilale nisiamke." Kisha hali ya leo: anajuta kuwa hai au anashukuru, bado ana mpango, njia ipo karibu (dawa ya kunyunyizia mihogo iko wapi sasa hivi?), nani anakaa naye usiku, nini kinamzuia. Mwisho ulichofanya: dawa ya siku 7 tu, imekabidhiwa kwa kaka, simu ya kaka imeandikwa kwenye jalada, aonwe baada ya siku 3.

Maneno "hana wazo la kujiua" yakikaa peke yake ni dhaifu. Hayaonyeshi uliuliza nini. "Nimemuuliza kama amefikiria kufa, amesema mara 2 wiki iliyopita, hana mpango, anasema watoto ndio wanaomzuia" ni mstari mmoja tu zaidi na unabeba mengi.

SistaMakorora

Na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ikija na askari, jibu kilichoulizwa kwenye PF3. Majeraha ya leo. Historia ya akili ya miaka 10 usiihamishie humo, na faili lenyewe halitoki na askari. Anayelitaka afuate utaratibu kupitia mganga mfawidhi.

MuhezaMtandaoni

Kwa vituo vyenye GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa mafaili ya kompyuta, adui ni kunakili noti ya mwezi uliopita na kubadilisha tarehe. Inaokoa dakika 2 na inaharibu faili zima. Utamkuta mama "mjamzito wiki 20" mwezi wa 4, wa 5 na wa 6. Utakuta "sindano tako la kushoto" mara 5 mfululizo. Msomaji akiona kosa moja la namna hiyo haamini na yaliyo ya kweli.

Kiolezo kinafaa kikiwa na nafasi tupu. "Vidonge vilivyobaki: ___. Usingizi saa: ___. Sauti: ___. Kujidhuru, ameulizwa na kujibu: ___." Kisijazwe "hana" tayari, kwa sababu utabonyeza hifadhi hujauliza. Kiwe na mistari 8 hivi. Kikizidi hapo watu wanaruka.

Umeme ukikatika andika kwenye karatasi, na ukirudi ingiza ukiweka saa ya kumwona na saa ya kuingiza, zote mbili. Kosa la karatasi likatwe kwa mstari mmoja libaki likisomeka, sahihi na tarehe pembeni. Wino mweupe wa kufutia usitumike kabisa. Hata kama ulirekebisha tahajia tu, mbele ya hakimu inaonekana umeficha.

MshauriRaskazone

Tabibu, la majini halijajibiwa. Maelezo ya familia yaandikwe kama maelezo ya familia, bila kuyakubali wala kuyakejeli: "Mama anasema ana jini tangu harusi ya dada, Machi." Hiyo Machi ni dhahabu, ndiyo inayokupa mwanzo wa ugonjwa. Kisha andika yaliyofanyika kwa mpangilio: kombe (maji ya kunywa yaliyooshea aya za Kurani) siku 7, mafusho, dawa ya kunywa ya mizizi (ya nini kama wanajua, na mara ya mwisho lini), ngoma ya pepo. Aliacha kula? Alifungwa kamba? Angalia vifundo vya mikono na uandike ulichoona. Dawa za mizizi zinaandikwa kwa sababu nyingine zinaweza kugusa ini au kuongeza usingizi juu ya klopromazini.

Kama familia inaendelea na kisomo, andika makubaliano: kisomo kiendelee, vidonge visiachwe, asifunge wiki hii, asinyweshwe mizizi. Ukiandika "imani potofu, wameelimishwa", mama akiisoma, au akisomewa, hatarudi.

Kwa mgonjwa anayeletwa kwa nguvu bila ridhaa yake, fomu zinazotakiwa na Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ziwe ndani ya faili, na noti itenganishe uliyoyaona na uliyoambiwa. "Ni mkali" ni ya kuambiwa. "Amevunja kiti cha mapokezi saa 4:20 asubuhi" ni ya kuonwa. Barua ya rufaa kwenda hospitali za afya ya akili za Lutindi au Mirembe inategemea utengano huo huo.

TabibuNgamiani

Nimeelewa. Na mgonjwa mpya, dakika 9 zinatosha vipi?

DktPwani

Hazitoshi, msijidanganye. Pangeni wapya wasiozidi 4 kwa siku ya kliniki, wapewe dakika 30 kila mmoja, wawekwe mwanzo kabla foleni haijachacha. Hizo ni dakika 120 kati ya 360 mlizonazo. Wa marudio waliobaki 36 watapata kama dakika 6 na nusu kila mmoja, na hapo ndipo noti ya aya moja inapowabeba. Wale wa kifafa waliotulia na wa sindano wasio na shida aanze kuwaona muuguzi.

Hata hizo 30 usilazimishe historia yote siku ya kwanza. Siku hiyo pata: kilichomleta, lini kilianza, usalama, pombe, bangi na heroini, magonjwa ya mwili, dawa anazotumia, MSE kamili, na mtu wa nyumbani wa kumpigia. Utoto, shule na ndoa vinasubiri safari ya pili.

Kisha ukurasa wa kwanza ndani ya jalada uwe wa muhtasari, unaosahihishwa kila miezi 6: ugonjwa na mwaka, dawa zilizowahi kutumika kwa kipimo na muda na kwa nini ziliachwa, mzio, historia ya kujidhuru, kulazwa wapi na lini, msimamizi wa dawa na simu yake. "Haloperidoli haikumsaidia" bila kusema mg ngapi kwa wiki ngapi haitoshi; huenda alikunywa mg 1.5 kwa siku 4.